Jua, Mvua na Kicheko: Ucheshi katika Semi za Hali ya Hewa za Kiswahili

Ni desturi iliyokita mizizi katika shule na vyuo vyetu kuichukulia methali kuwa mwalimu asiyecheka. Mtahiniwa huulizwa maana ya juu, maana ya ndani na matumizi. Akisha kulitaja funzo, hutiwa alama zake na mjadala hufungwa. Matokeo ni kwamba wasomi wengi wa fasihi simulizi wameijua methali kama hubiri fupi. Makala haya yanakusudia kuitazama sehemu moja ndogo ya fasihi hiyo, yaani maneno na semi zihusuzo jua, mvua na upepo, kwa jicho ambalo wafafanuzi wetu hawakulitumia sana, nalo ni jicho la ucheshi. Dai letu ni kwamba katika semi za namna hii kicheko ndicho kinachoupa usemi sababu ya kusemwa. Ukiuondolea kicheko chake, mara nyingi hubaki taarifa ambayo mtoto wa miaka saba ameshaijua.

Tuchukue mfano ulio mwepesi kuliko yote: "Dalili ya mvua ni mawingu." Kama taarifa, usemi huu hauna faida kwa yeyote aliyewahi kuinua kichwa akatazama juu. Thamani yake huanza pale unapotamkwa mahali pasipo na wingu lolote. Kijana ambaye kwa miaka mitatu hakujali hata kuchana nywele ananunua ghafla mafuta ya kunukia, anapiga pasi shati kila jioni, na anauliza kwa adabu nyingi habari za jamaa wa mtaa wa pili. Shangazi yake, akiendelea kupepeta mchele bila ya kuinua macho, asema tu kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Waliopo hucheka, naye kijana hutazama chini. Kinachochekesha hapo ni ule uzito wa kielimu ambao shangazi ameutumia kutangaza jambo lililo wazi kwa kila mtu. Ni kinaya cha mtu anayejifanya mtabiri katika nyumba ambayo paa lake limeshaanza kuvuja.

Wakusanyaji wa methali zetu wametufaa sana, na hapana haja ya kuwabeza. W. E. Taylor alichapisha mkusanyo wake London mwaka 1891, S. S. Farsi akatoa misemo ya Unguja mwaka 1958, Albert Scheven akafuata mwaka 1981 kwa mkusanyo mkubwa uliopangwa kwa mada, na K. W. Wamitila akatupa Kamusi ya Methali mwaka 2001. Hata hivyo, kitabu kina udhaifu wake wa kimaumbile. Huhifadhi maneno ya shangazi, wala hakihifadhi ungo wake wala kule kutoinua macho. Na ucheshi wa methali, kama wataalamu wa utendaji katika fasihi simulizi walivyotukumbusha mara nyingi, hukaa humo.

Jua na kujua

Neno jua lina bahati mbaya, au pengine bahati njema, ya kufanana na kitenzi kujua. Wasemaji wa Kiswahili hawakuiacha bahati hiyo ipite. "Atangaye na jua hujua", husema wahenga, na wengine hutamka "hujuwa" ili kuvuta silabi ya mwisho. Wafafanuzi hueleza kwamba mtu atembeaye sana hupata maarifa. Maelezo hayo ni sahihi, lakini yanauua usemi. Usemi wenyewe ni mchezo wa sauti unaodai, kwa uso mkavu kabisa, kwamba elimu hupatikana kwa kuchomwa utosi. Msomi aliyekaa maktabani kwenye kivuli hawezi kuusikia bila ya kujihisi amechokozwa kidogo. Yamkini ndiyo maana unapendwa zaidi na madereva, wachuuzi na mabaharia kuliko na maprofesa.

Usemi wa pili wa jua unahitaji kutazamwa kwa makini zaidi: "Mchumia juani, hulia kivulini." Kila mwanafunzi ameukariri. Ufafanuzi wa kawaida ni kwamba afanyaye kazi kwa taabu hufaidi matunda yake kwa raha. Kisarufi, kitenzi kula kikitiwa kauli ya kutendea huwa -lia, yaani kula mahali fulani au kwa ajili ya fulani. Lakini Kiswahili kina kitenzi kingine -lia, cha kutoa machozi, na maumbo hayo mawili hayatofautiani hata kwa mkazo. Kwa hiyo usemi huu, ukisikilizwa na sikio lisilokwenda shule, unasema mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba mchumaji wa juani hula kivulini, na kwamba mchumaji wa juani hutoa machozi kivulini. Walimu huifuta maana ya pili kwa haraka, kana kwamba ni ajali. Sisi hatuoni kwamba ni ajali. Mtu aliyekwisha kuvuna chai ya mwenye shamba tangu alfajiri, akapimiwa kilo zake jioni kwa mizani asiyoiamini, anapoutamka usemi huu huwa hana haja ya kutuambia ni -lia ipi anayoikusudia. Ucheshi wake ni mchungu, nao umefichwa ndani ya sauti za methali ambayo msimamizi mwenyewe huipenda, kwa kuwa anadhani inawahimiza watu wafanye kazi.

Hapa ndipo linapofaa kutajwa neno jua kali, ambalo nchini Kenya limekuwa jina la kundi zima la kiuchumi. Mafundi wa mabati, seremala na makanika waliofanya kazi mahali pasipo paa waliitwa kwa jina la kile kilichokuwa juu ya vichwa vyao. Jina hilo la mtaani likapanda cheo: mwaka 1992 Serikali ya Kenya ilichapisha waraka rasmi wa sera juu ya biashara ndogondogo na jua kali, na neno likavaa suti. Lakini lugha haikusahau. Leo kitu "cha jua kali" ni kitu kilichounganishwa kwa haraka, ambacho huenda kikafanya kazi na huenda kisifanye. Fundi yule yule aliyejivunia jina lake hulitumia kumcheka fundi mwenzake. Ukilinganisha na methali, utaona kinaya kilichozidi: hawa huchuma juani na kula juani, na kivuli kimebaki katika waraka.

Kuhusu kivuli chenyewe, kuna usemi mmoja ambao kwa maoni yetu ndio mcheshi kuliko yote ya kundi hili: "Kivuli cha fimbo hakimfichi mtu jua." Ucheshi wake ni wa macho. Huwezi kuufahamu bila ya kuichora akilini picha ya mtu mzima, pengine mnene, aliyejibana nyuma ya mstari mwembamba wa kivuli, mikono ameikaza mbavuni, akiamini kwamba amepata hifadhi. Aliyeutunga hakutuonyesha mtu huyo. Ametupa fimbo na jua tu, akatuachia kazi ya kumweka mwenyewe. Huo ndio ufundi wa hali ya juu wa chuku, kwamba msikilizaji ndiye anayelazimika kuitunga. Na kwa kuwa kila msikilizaji humweka mtu wake, usemi hauchakai: mmoja atamwona jamaa anayemtegemea mbunge aliyeshindwa uchaguzi, mwingine atajiona yeye mwenyewe na mkopo wake.

Tuongeze kwa kupita tu kwamba kitenzi -ota, chenye maana ya kupata ndoto, ndicho hicho hicho tukitumiacho kwa mtu anayejipasha moto au jua. Mtalii anayeota jua ufukoni Diani, mzee anayeota jua barazani, na mtu anayemwota jua usingizini, wote hawa sarufi imewalaza kwenye mkeka mmoja.

Upepo na wafuasi wake

Pepo za msimu ndizo zilizojenga miji ya pwani yetu, na si ajabu kwamba zimeingia katika lugha kwa kina kuliko jua na mvua. Maneno kaskazini na kusini yametokana na majina ya pepo mbili, kaskazi na kusi. Mkaazi wa Lodwar ambaye hajaiona bahari hata siku moja hulitaja tanga la jahazi kila anapomwelekeza mgeni njia. Hatudai kwamba anacheka. Lugha ndiyo inayotabasamu.

Usemi maarufu wa kundi hili ni "Bendera hufuata upepo", nao umesemwa juu ya wanasiasa mara nyingi mno hata unaelekea kuwa mawaidha makavu. Hata hivyo, ukitazamwa upya hauna upole. Mwanafalsafa wa Kifaransa Henri Bergson, katika kitabu chake juu ya kicheko cha mwaka 1900, alidai kwamba tunacheka pale tunapomwona kiumbe hai akitenda kama mashine au kitu. Nadharia hiyo ina mapengo mengi, na mhakiki wa Kiafrika hana sababu ya kuisujudia, lakini hapa inakaa kama kofia iliyoshonwa kwa kipimo. Mheshimiwa aliyebadili chama huja na maelezo marefu: amewasikiliza wazee, amesali, ametafakari maslahi ya watu wake. Usemi unamjibu kwa maneno matatu kwamba yeye ni kitambaa, na kitambaa hakitafakari. Kinachouma zaidi ni kwamba kitambaa hicho hudhani ndicho kinachoongoza, kwa kuwa kiko juu kuliko watu wote na kinapepea kwa madaha.

Mabaharia walikuwa na neno zuri zaidi ambalo wanasiasa wetu hawajalivikwa bado. Kati ya kaskazi na kusi huja maleleji, kipindi ambacho upepo haujaamua uendako, nacho huitwa pia tanga mbili. Kwa mtazamo wetu neno hili lingewafaa wale ambao asubuhi huwa upande mmoja na jioni upande wa pili, na usiku husema kwamba hawakuondoka mahali walipokuwa.

Upepo pia huvuma, na hapa Kiswahili kimefanya ujanja wa aina yake. Kitenzi -vuma ni cha upepo, cha ngoma na cha mtu mashuhuri. Na nomino yake, uvumi, ni habari isiyo na mwenyewe. Umaarufu na umbea vimezaliwa na mama mmoja, ambaye ni kelele ya hewa inayopita. Kwa hiyo methali "Avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo" haimsifu papa hata kidogo. Inasema kwamba papa amepata upepo mzuri, basi. Nayo "Ngoma ivumayo haidumu" humwandalia mtu mashuhuri kaburi lake akingali jukwaani.

Hapana budi sasa kuligusa jambo ambalo wahariri wa majarida kama haya huliepuka. Katika Kiswahili cha kila siku, kuchafua hali ya hewa ni kuleta fitina au kauli ya kuudhi katika kikao kilichokuwa kimetulia. Ni pia tafsida ya kutoa upepo mahali pa watu. Maana hizo mbili haziwezi kutenganishwa, na ucheshi wa msemo wote uko katika kutotenganishwa huko. Mwenyekiti anapolalamika kwamba kuna mjumbe aliyechafua hali ya hewa, nusu ya wajumbe hutazama kumbukumbu za mkutano na nusu hulitazama dirisha. Wako watakaosema kwamba huu ni utani wa vijana wasio na adabu. Sisi twaona kinyume chake: ni adabu iliyokomaa, kwa kuwa jambo la aibu kubwa limepewa jina la kisayansi, la kiofisi, linaloweza kutamkwa mbele ya mkwe.

Mvua, fisi na mahabusu

Jua likiwaka huku mvua inanyesha, watoto katika sehemu nyingi za Kenya husema kwamba fisi anazaa; wako pia, hasa Tanzania, wasemao ni simba. Jambo hili lina ndugu duniani kote. Wazulu husema ni harusi ya nyani, Makaburu wa Afrika Kusini husema ni harusi ya mbweha, Wajapani humtaja mbweha pia, na Wakorea chui milia. Mtaalamu wa Kifini wa fasihi simulizi, Matti Kuusi, alichapisha mwaka 1957 uchunguzi mzima juu ya semi hizi za mataifa mbalimbali. Kinachotuvutia sisi ni kwamba wengi wamemwozesha mnyama wao, lakini wa kwetu amepelekwa moja kwa moja kwenye uzazi. Na kati ya wanyama wote amechaguliwa fisi, mnyama wa aibu katika ngano zetu, mlafi na mjinga, ambaye kuzaa kwake si habari ya kumfurahisha mwenye mbuzi. Hali ya hewa iliyo nzuri kuliko zote, jua na mvua pamoja, pengine na upinde juu yake, imekabidhiwa kiumbe asiyestahili. Tanakuzi hii ndiyo inayomfanya mtoto acheke huku akilowa. Wala hatujakutana na mfafanuzi aliyelilazimisha jambo hili kuwa na funzo, na pengine ndiyo sababu limeokoka.

Mvua katika makabila yetu ni jambo la heshima. Mtoto wa Mjaluo aliyezaliwa mvua ikinyesha huitwa Okoth au Akoth, wa Mkalenjin huitwa Kiprop au Cherop, na wa Mkamba wa kike huitwa Mumbua. Mwalimu wa darasa la mjini Nakuru anaweza kuita majina matatu akawa ameita mvua mara tatu, na nje kukawa na ukame.

Heshima hiyo haikuizuia lugha ya mitaani kuipa mvua kazi nyingine. Kifungo cha jela huhesabiwa kwa mvua: fulani amekula mvua saba, na magazeti ya Kiswahili, ya Tanzania hasa, hayaoni haya kuandika kwamba mshtakiwa ametupwa jela mvua thelathini. Asili ya hesabu hii ni ya kikulima, kwamba mwaka ni mvua na mvua ni mwaka. Lakini tazama kilichotokea njiani. Mkulima huhesabu mvua kwa kuwa zinamletea mavuno. Mfungwa huhesabu mvua zinazonyesha kwenye mashamba ya watu wengine. Na kitenzi kilichochaguliwa ni kula. Amekula mvua, chakula ambacho hakishibishi na ambacho hana hiari ya kukikataa. Msomaji akiguna kwamba huu si ucheshi bali ni ukatili, tutakubaliana naye nusu. Ni ucheshi wa watu wanaoijua jela kwa karibu, ambao wakiliita jambo kwa jina lake hawataweza kulala.

Masika nayo ina usemi wake: "Hakuna masika yasiyokuwa na mbu." Huu ni ucheshi wa kushusha. Masika ni neno kubwa lenye shamba, jembe, riziki na mtoto wa kuitwa Mumbua; na baada ya kupandishwa hadi huko, msikilizaji hushushwa ghafla hadi sikioni, kwa kilio cha kidudu kimoja gizani. Methali hii hutumiwa kwa ufasaha arusini, pale anapotokea jamaa ambaye hakualikwa na amekuja na watoto watano.

Majira ya kuazima

Upande mwingine wa ucheshi huu hakuukusudia mtu yeyote. Wafasiri na watunga kamusi walipotaka majina ya misimu minne ya Ulaya, waliyachukua majina ya majira yetu wakayabandika. Vuli, ambayo kwetu ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, ikawa msimu wa majani kupukutika. Masika, ambayo ni mvua nzito za Machi hadi Mei, ikawa msimu wa maua na vipepeo. Kipupwe, baridi ya Juni hadi Agosti inayomfanya Mmombasa ajitande shuka ya pili, kikabebeshwa theluji na magoti ya farasi ndani yake. Msomaji wa Malindi anayesoma tafsiri ya namna hii hujiuliza kwa nini Wazungu hulia majani yanapoanguka wakati ambapo kunde ndio kwanza zinachipua.

Si kila mfasiri aliyenaswa. S. S. Mushi alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare mwaka 1969 aliipa jina Tufani, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo kwa Mwislamu wa pwani hubeba gharika ya Nabii Nuhu. Twaona ni uteuzi wa kijasiri na wenye kinaya chake, kwa kuwa tufani ya tamthilia hiyo haimzamishi mtu hata mmoja, na mavazi ya abiria hutoka majini yakiwa makavu. Tena mandhari yake ya kuchekesha kuliko yote ni ya hali ya hewa: mchekeshaji Trinculo, akiiogopa radi, anajiingiza chini ya joho la Caliban ambaye hampendezi hata kwa harufu. Hapo "Kivuli cha fimbo" kimepata mwenzake.

Lakini janga kubwa la majira ya kuazima liko katika insha za watoto. Katika miaka yote ya mtihani wa KCPE, uliofanywa kwanza mwaka 1985 na kwa mara ya mwisho mwaka 2023, palijengeka mazoea ya kuifungua insha kwa hali ya hewa. Jua la matlai lilichomoza, ndege waliimba, umande ulimetameta, na baada ya aya nzima ya utabiri ndipo mtoto alipoibiwa viatu. Matlai ni neno la kibahari, la upepo na upande wa macheo. Likaandikwa na watoto wa Nyahururu, ambako asubuhi huwa na ukungu usiomruhusu mtu kuiona hata ng'ombe yake. Hatumcheki mtoto. Alikuwa akifanya alichofundishwa, na alama zilimpa haki. Tunachokicheka ni ile mashine ya Bergson: mkono ulioandika jua huku dirisha likionyesha mvua.

Mtabiri na mfamaji

Neno utabiri linastahili kusimamishwa kidogo. Kwa asili yake ya Kiarabu lina uhusiano na kufasiri ndoto. Tulipohitaji jina la kazi ya mtaalamu wa hali ya hewa, tulimketisha kwenye kiti cha mwagua ndoto, na umma haujamwondoa. Huko Vihiga jambo hili limechukua sura ya kweli: wazee wa ukoo wa Nganyi, wenye sifa ya kuijua mvua tangu kale, wamekuwa wakishauriana na wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Wachekeshaji wangetaka wacheke, ila wenye kucheka ni wachache kuliko tulivyotazamia. Mkulima hamdharau yeyote anayejaribu.

Tangu mvua kubwa zilizoanza Oktoba 1997 na kuendelea hadi mapema mwaka 1998, El Niño limekuwa neno la Kenya. Katika Kihispania ni mtoto wa kiume, tena mtoto Yesu, kwa kuwa wavuvi wa Peru waliuona mkondo wake wa maji ya joto karibu na Krismasi. Kwetu limekuwa jina la mvua yoyote inayozidi kiasi. Mnamo Oktoba 2023 Rais William Ruto aliwaambia wananchi kwamba El Niño iliyokuwa imetabiriwa isingefika kwa kiwango cha kuharibu, bali mvua nyingi tu zingenyesha. Mwezi uliofuata mafuriko yakaja, na zaidi ya watu 100 wakafa.

Wako waliosema wakati ule kwamba utani ulioenea nchini juu ya mvua hiyo ulikuwa ni kuwakosea marehemu heshima. Hoja hiyo haifai kupuuzwa. Thomas Hobbes, Mwingereza wa karne ya 17, aliamini kwamba kicheko ni ghafla ya kujiona bora kuliko aliyeanguka, na kama ndivyo, basi aliye mkavu hana haki ya kucheka mbele ya aliyelowa. Ila utani ule, kwa sehemu kubwa, uliwaelekea wenye kuahidi. Ulikuwa katika ukoo wa shangazi na ungo wake: kulitangaza wingu kwa sauti ya kitaalamu mbele ya mtu aliyesema halipo.

Hata hivyo iko methali moja inayotutatiza, nayo hatutaificha. "Mfamaji haachi kutapatapa." Inamcheka mtu anayezama. Tunaitumia juu ya timu iliyofungwa mabao manne dakika ya themanini, juu ya mgombea anayekimbilia mahakamani, juu ya mjibizaji aliyeishiwa hoja, na hakuna anayewaza maji. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu, maji yaliporomoka kwa ghafla juu ya watu waliolala na kuwaua makumi yao. Katika wiki hizo hizo methali hii iliendelea kutamkwa viwanjani na kwenye mabaraza ya siasa bila ya mtu kusita. Lakini ukiitamka kwenye matanga ya Mai Mahiu, maneno yake yote yangekuwa kweli na hakuna ambaye angeyasamehe.